Rafu ya Bi Tatu na Lipu ya Mzee Mabula

Mtoni, Temeke
Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, najua umekaa karibu na mlango ili usikie vizuri. Poleni na kazi za shamba. Je, mvua zimefika huko? Huku zilinyesha siku mbili zikaacha, na joto limerudi kama vile halikuondoka. Goti lako linaendeleaje, Baba? Mizinga umeshaipandisha mitini mwaka huu, au unamngoja shemeji aje akusaidie? Usipande mwenyewe, nakuomba sana. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Nakula, nafanya kazi, nalala. Ningekuwa naumwa ningeona afadhali, maana mgonjwa angalau huonewa huruma.

Mwalimu Andrea, wewe unayewasomea wazazi wangu barua hii, nakusalimu pia, na ninakuomba uishie hapa kwanza. Usigeuze ukurasa. Baba, tafadhali mtume mtu akamwite Mzee Mabula. Nimesikia kwa watu waliokuja na treni kwamba alifika salama na kwamba anakaa kwa dada yake ng'ambo ya mto. Mpeni kiti chenye egemeo, msimpe kigoda. Akishakaa na kunywa maji, Mwalimu aendelee. Akikataa kuja, barua ikunjwe mpaka siku atakapokubali, kwa sababu sitaki maneno haya myasikie ninyi kabla yake.

Mzee Mabula, shikamoo.

Najua hapo nyumbani wamekuuliza kwa nini mwashi aliyekaa Dar es Salaam miaka yote ile amerudi ghafla na kasanduku kamoja. Na nadhani ninajua ulichowajibu. Umewaambia umezeeka, mikono imechoka. Baba, si kweli. Mzee Mabula hajachoka. Mimi ndiye niliyemfukuza, na sikutumia fimbo wala tusi. Nilitumia konzi moja ya udongo.

Nitaeleza tangu mwanzo ili hata asiyeijua Dar es Salaam aelewe.

Baba, unakumbuka nilipopanda treni ulinipa jina la mtu mmoja tu. Ulisema, "Mtafute Mabula, tulikua pamoja, atakupokea." Alinipokea. Alinigawia nusu ya chumba chake hapa Mtoni, akanionyesha duka lenye misumari isiyo na kutu, akanitafutia kazi ya kwanza ya milango. Nilipougua homa alinipikia uji yeye mwenyewe, uji mbaya kweli, lakini alikaa mpaka nikaumaliza. Alinionya pia kuhusu nyumba za huku. Akasema, "Mwanangu, kuta za pwani si kama kuta za misheni. Za misheni ni tofali tupu, toboa utakapo. Za huku za mawe zina vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea taa na vikombe. Wengine wakivichoka huviziba na kupiga lipu juu. Ukitaka kutoboa, gonga kwanza usikilize." Nilicheka. Nilimwambia kugonga nilijifunza kwako Baba, tangu ulipokuwa ukigonga magogo ya mizinga kujua lipi lina uwazi na lipi limeshiba. Kwa hiyo msiseme sikufundishwa. Nina wazee wawili walionifundisha neno lilelile.

Mwenye nyumba wetu anaitwa Bi Tatu. Ni mjane wa Kizaramo, na nyumba yake ni moja ya chache za mawe na chokaa upande huu. Nyingine zote ni za fito. Mnajua Wazaramo ni watani wetu. Basi yule mama hanipi nafasi. Kila nikipita uani na mbao begani husema, "Mnyamwezi huyo! Babu yake kabeba pembe, baba yake kabeba pembe, yeye anabeba mbao. Nyie mlizaliwa na kata ya mzigo kichwani." Nami humjibu kwamba babu zake walikuwa wakitungoja hapa pwani watuuzie maji kwa bei ya asali. Tunacheka. Lakini siku moja utani wake ulinichoma mahali ambapo sikujua pana kidonda.

Mumewe alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na Bi Tatu alikuwa anajiandaa kwa hitima. Marehemu aliacha msahafu mkubwa wa kurithi, umefungwa kitambaa cha kijani. Kwa Waislamu kitabu kile hakikai chini ya watu, na Bi Tatu alikuwa akiuweka juu ya kabati lililopinda mguu. Akaniomba rafu ya ukutani, juu, katikati ya ukuta wa sebule ambao Mzee Mabula alikuwa ameupiga lipu mpya. Mimi nikajitia ufundi. Nilikuwa nimeona rafu katika nyumba ya Mzungu mmoja nilikopeleka madirisha, ubao umetoka ukutani bila miguu wala mikono, huoni kinachoishikilia. Nikamwambia Bi Tatu nitamtengenezea kama ile.

Akaniangalia. "Mie najua Mnyamwezi anabeba. Leo unataka kuufundisha ukuta wangu kubeba?"

"Utabeba, Bi Tatu. Na watu wataulizana ubao umeshikwa na nini."

"Haya, tuone. Ukianguka, nitakurudisha kwenu na mzigo wako kichwani."

Rafu ya namna ile inafanyika hivi. Unachukua ubao mnene wa mninga, unene wa vidole vitatu. Unatafuta vyuma vitatu, kila kimoja urefu wa shubiri mbili. Nusu ya chuma inaingia ukutani na kushikwa na saruji, nusu inabaki nje. Kisha ubao unautoboa kwa keke upande wa nyuma, matundu matatu yanayolingana na vyuma, unausukuma unaingia kama mguu katika kiatu. Siri yote iko ukutani. Tundu lisiposhika, ubao hata ungekuwa wa dhahabu hauna maana.

Tundu la kwanza nililichimba kwa tindo na nyundo kutwa nzima. Mawe yalikuwa magumu, vumbi jeupe likinijaa nyusi. La pili vilevile. La tatu, upande wa kulia, tindo lilipita lipu kwa shida, lipu ya Mzee Mabula ilikuwa ngumu kama sakafu, halafu likazama lenyewe. Sauti ikabadilika. Nikachukua bua la jani la mpapai ninalopulizia vumbi, nikapuliza, na vumbi lililotoka lilikuwa jekundu.

Nilijua, Baba. Sitaki mtu yeyote hapo anitetee kwa kusema kijana hakujua. Nilisikia na nikaona. Nyuma ya ile lipu palikuwa na kidaka kilichozibwa kwa udongo. Kazi ya haki ilikuwa kubomoa pale, kutoa udongo wote, kujaza mawe na saruji, kungoja juma zima saruji ikauke. Au kusogeza rafu hatua moja kushoto. Lakini hitima ilikuwa imekaribia, Bi Tatu alikuwa amekwisha kuwaambia wageni wake, na kila akipita mlangoni aliuliza, "Ukuta umeshaelewa?" Niliona haya kusema nimekosea mahali. Saruji nayo ni ya shida tangu vita viishe, nilikuwa na kopo moja tu. Nikagongomea kigingi ndani ya ule udongo, nikatia chuma, nikapaka saruji mdomoni mwa tundu ionekane safi. Rafu ikasimama. Bi Tatu akapiga kigelegele, na mimi nikatembea Mtoni nzima nikiwa nimenyoosha shingo.

Siku ya hitima nilikuwa uani pamoja na wapishi, maana walinialika pilau ingawa mimi ni Mkristo. Mzee Mabula alikuwa Kinondoni akipiga sakafu katika nyumba ya karani. Watu walikuwa wamejaa sebuleni juu ya mikeka, wanasoma. Nikasikia mlio wa kukwaruza, kisha kishindo. Nilipofika mlangoni rafu ilikuwa imelala upande mmoja, chuma cha kulia kimechomoka na kigingi chake, udongo mwekundu umemwagika hadi mikekani. Msahafu ulikuwa sakafuni, kitambaa kimefunguka, miguuni mwa watu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mzee Kondo, kaka yake Bi Tatu, aliuokota, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Bi Tatu alikuwa amejifunika kanga usoni analia. Alilia kwa sababu ya mumewe, na kwa sababu ya aibu mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono iliyofanya kazi ile.

Mzee Kondo akauliza, "Fundi, imekuwaje?"

Ninyi mnaonisikiliza, nataka mjue nilikuwa na nafasi. Si kwamba neno lilinitoka. Nilifikiri. Niliinama, nikachota ule udongo mwekundu, nikamnyooshea mkono. Nikasema, "Tazama mwenyewe, mzee. Hii ndiyo lipu mliyopigiwa."

Sauti zikaanza mkekani. "Udongo!" "Kachanganya udongo!" "Kumbe chokaa yetu ilikwenda wapi?" Hapo Mzee Kondo alikuwa ndiye msimamizi wa msikiti mpya unaojengwa hapa Mtoni, na kazi ya kupiga lipu msikiti ule ilikuwa ya Mzee Mabula. Alikuwa ameisubiri kwa miezi. Mara nyingi alikuwa akiniambia kwamba nyumba za watu hubomolewa, lakini msikiti utabaki, na watu watainamia karibu na kazi ya mkono wake. Nilijua na hilo pia nilipochota ule udongo.

Mzee Mabula alirudi saa za magharibi. Walikuwa wamekwisha kumwambia njiani. Aliingia sebuleni, akavua kofia, akatazama lile tundu, akatia kidole ndani. Mzee Kondo alikuwepo, na Bi Tatu, na majirani. Mzee Mabula akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyamwezi, taratibu, ili wengine wasielewe. Aliniuliza, "Mihayo, ulipotoboa ulisikia nini?"

Baba, alikuwa ananifungulia mlango. Ningemjibu kwa lugha yetu, mimi na yeye tu, na angeona namna ya kunisitiri. Mimi nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili watu wote wasikie. Nikasema, "Nilisikia ukuta."

Kisha akasema, "Basi." Akaomba ufagio, akafagia ule udongo mwenyewe.

Angeweza kuwaambia habari ya vidaka. Angeweza kusema alinionya. Alifikiri, nadhani, kwamba akisema atamvunja mtoto wa rafiki yake mbele ya watu wa pwani, akaona avunjike yeye. Kazi ya msikiti wakampa mtu mwingine aianze mvua zikiisha. Wenye nyumba waliokuwa wamemwagiza wakaacha kuja. Nikikaa naye jioni tunakula, alikuwa ananisogezea nyama kama zamani, nami nilikuwa ninaimeza. Siku alipoondoka nilimbebea sanduku hadi stesheni. Mwiko wake aliuacha chini ya kitanda. Nilipomkumbusha alisema hautamfaa tena. Treni ilipotaka kuondoka alitoa kichwa dirishani akaniambia nisiwe ninakula mihogo mitupu kila siku. Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa majuma matano. Bi Tatu aliniita tena, na kwa upole, Baba, kwa upole, akanipa pole kwa kuharibiwa kazi yangu na mtu mwingine! Akataka nibomoe lipu mbovu na kuirudisha rafu. Akachukua kigoda akakaa ananitazama.

Nilipiga tindo kuzunguka lile tundu. Lipu ilikataa. Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni, na ilipotoka ilitoka kipande kizima, kipana kama sinia, cheupe mbele na nyuma, hakina chembe ya udongo. Nyuma yake kidaka kikaonekana wazi, na upinde wake juu, kimeshindiliwa udongo na makumbi ya nazi na vigae vya chungu.

Bi Tatu akasimama. "Loo! Kidaka cha marehemu. Alikiziba mwenyewe, nge walikuwa wakijificha humo. Mie nimesahau kabisa." Akaja karibu. Akakichukua kile kipande cha lipu mikononi mwangu, akakigongagonga kwa ukucha, akakigeuza. "Sasa hii lipu ya Mabula ilikosa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimepiga magoti juu ya kifusi, na nililia kama mtu aliyefiwa. Nilitegemea atanitukana, au ataanza utani. Alikipangusa vumbi kile kipande. Halafu akasema, "Ukuta umeshajifunza kubeba, hata kosa lako, mtani. Wewe bado." Akakifunika kile kipande cha lipu kwa kanga yake akatoka nacho.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka kusali, alinisimamisha kwenye baraza la Mzee Kondo. Nikasema mbele ya wanaume wote wa Mtoni kwamba udongo haukuwa wa lipu, kwamba nilijua kabla ya kutia chuma, na kwamba nilimsingizia mtu aliyenilea. Kile kipande kilipita mkono kwa mkono. Mtu mmoja alitema mate chini. Mzee Kondo alikishika mwisho, akasema, "Na sisi je? Tulimhukumu mtu mzima kwa udongo uliokuwa mkononi mwa kijana. Hatukumwuliza hata neno moja." Akanigeukia. "Umemwambia yeye?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hujasema kitu."

Ndiyo sababu ya barua hii.

Kidaka nimekijaza mawe na saruji, nimekimwagia maji kila asubuhi kwa siku saba, kisha nikachimba tundu jipya, jembamba mdomoni na pana ndani ili saruji isichomoke. Nimetia chuma, nimengoja tena. Rafu imeshika, nimening'inia juu yake kwa mikono yote miwili. Msahafu umerudi mahali pake. Lakini hapa Mtoni wananiita Fundi Udongo, na sasa ni wanawake kisimani, si watani tu. Niitikie nini? Naitika.

Mzee Mabula, sina uso wa kukuomba urudi kwa ajili yangu. Lakini Mzee Kondo ameniagiza nikuandikie kwamba yule mwashi mwingine ameambiwa asianze, na msikiti unakungoja wewe hadi mvua ziishe. Kesho ninahama chumba chako. Nimepata mahali Kinondoni kwa seremala mwenzangu, ili ukija usilazimike kuniona kila asubuhi. Na usiporudi pia utakuwa umefanya haki. Ulinifungulia mlango kwa lugha ya nyumbani nikaufunga mbele ya wageni. Sasa ninasema mbele ya watu wa nyumbani, kwa lugha yoyote Mwalimu atakayowatafsiria: ulikuwa mkweli, na kazi yako ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa mwongo. Nisamehe, baba yangu. Ukishindwa leo, sitauliza lini.

Baba, najua umeinamisha kichwa. Pole. Ulimkabidhi rafiki yako mtoto, na mtoto huyo amekurudishia mzigo wa aibu. Usinitetee mbele yake. Mama asilie, au alie akiwa jikoni, Mzee Mabula asije akaona ni yeye wa kukubembelezeni.

Nisalimieni bibi, na mumwambie dawa ya macho nimeipata, itakuja na mtu wa treni. Nisalimieni dada yangu mkubwa na shemeji na watoto. Shangazi anayeuza chumvi mwambieni nimepokea karanga, zilifika nzima. Mjomba katekista anitaje katika sala, sababu atakuwa ameshaisikia.

Mwalimu Andrea, asante kwa sauti yako. Ukimaliza mstari wa mwisho usimrudishie Baba karatasi hizi aziweke kwenye kibweta kama barua zangu nyingine. Mpe Mzee Mabula. Ni zake. Mtu yeyote, wa huku au wa huko, akisema tena kwamba alipiga udongo badala ya chokaa, Mzee amtafute mwenye kujua kusoma, amsomee mtu huyo pamoja na jina langu lililo hapa chini.

Niliyemsingizia,
Yohana Mihayo, mwanao, seremala